Mombasa ya mvua, Singida ya upepo

Juni 2020, Ligi Kuu ya England iliporejea baada ya kusimamishwa na korona, majukwaa yalikuwa matupu. Mabao yalifungwa kama kawaida, lakini aliyetazama kwenye runinga alisikia vitu ambavyo huwa havimfikii: kocha akifoka, beki akimwita mwenzake, kiatu kikigonga mpira. Kituo cha Sky Sports cha Uingereza kikawapa watazamaji wake chaguo la kuongezewa kelele za mashabiki, na kelele zenyewe kilizipata kwa EA Sports, waliokuwa wakitengeneza gemu la FIFA. Kwa miaka mingi gemu lilikuwa likiuiga uwanja. Msimu ule uwanja ukaazima sauti kutoka kwenye gemu.

Goli lilikuwa na upana uleule na dakika zilikuwa 90 zilezile. Kilichokosekana ni kile ambacho mtu wa Singida aliyewahi kukaa uwanja wa LITI, siku timu ya nyumbani inapoikaribisha Simba au Yanga, anakijua bila kuelezwa. Mahali pana hali yake, na hali hiyo ikiondoka, jambo lilelile huwa jambo jingine.

Makala haya yanahusu hali hiyo ndani ya magemu ya video. Wazazi wengi, na hata baadhi ya wachezaji, hudhani gemu ni mambo mawili tu, kushinda na picha nzuri. Naamini kuna la tatu, na hilo ndilo linalobaki kichwani mtu akiwa ameshasahau alishinda mara ngapi. Ni mwanga, sauti, ukimya, ukungu, umbali na mwendo vikiungana hadi mchezaji ahisi yuko mahali fulani, saa fulani, kabla hajaambiwa afanye nini. Naamini pia kwamba mkoa kama Singida una mali nyingi ya namna hiyo ambayo bado haijaguswa.

Bibi anayetamba hadithi hulijua jambo hili. Hasimulii zimwi mchana wa jua kali. Husubiri giza, husema paukwa na kungoja aitikiwe pakawa, hushusha sauti, huacha moto upasuke kidogo kabla ya kuendelea. Zimwi halijatajwa, na watoto wameshasogeleana.

Watengenezaji wa magemu walijifunza somo hilo mapema, tena wakiwa na vifaa duni mno. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado alitengeneza Space Invaders. Picha zake ni vidoa tu kwenye skrini nyeusi, lakini chini yake kuna noti nne nzito zinazojirudia, na kadiri wavamizi wanavyoshuka kwa kasi ndivyo noti zinavyokimbizana, mpaka mchezaji anajikuta amekaza mabega. Kasi hiyo ilitokana na udhaifu wa mashine. Wavamizi wakiwa wengi ilichelewa kuwachora wote. Wakipungua, ikapata nafuu na kuwaendesha mbio. Nishikado hakuuziba udhaifu huo. Aliuacha ufanye kazi.

Mwaka 1999 Konami walifanya jambo linalofanana na hilo katika Silent Hill. PlayStation ya kwanza haikuwa na nguvu ya kuchora mji hadi upeo wa macho, kwa hiyo mji ukajazwa ukungu. Badala ya kuona kasoro ya mashine, mchezaji akaona barabara asiyojua ina nini hatua kumi mbele. Akapewa pia redio ndogo ya mfukoni inayokwaruza kila kiumbe kibaya kinaposogea, hivyo woga ukawa unaingia kwa masikio kwanza na macho yanafuata. Akira Yamaoka, aliyetunga muziki na sauti za gemu hilo, alitumia milio ya viwandani na vyuma vinavyosagana mahali ambapo mwingine angeweka fidla za kutisha.

Nimeanza na mifano hii ya zamani kwa makusudi. Kijana wa Singida mwenye kompyuta ya mkononi iliyokwishatumika na wengine huambiwa kila mara kwamba kazi hii ni ya studio zenye mamia ya watu na fedha za kutisha. Noti nne hazikuhitaji mamia ya watu. Zilihitaji mtu mwenye sikio.

Kwetu, gemu lililowafundisha wengi hali ya mahali ni Grand Theft Auto: San Andreas la mwaka 2004. Lilienea Afrika Mashariki kwa PlayStation 2, kisha kwa kompyuta na simu. Sifa yake kubwa ni ujambazi, na sitetei ujambazi huo, hasa mbele ya mtoto. Lakini mtazame mchezaji aliyelizoea. Mara nyingi hafanyi misheni yoyote. Amepanda gari, amefungua redio, anaendesha. Jua linageuka rangi ya chungwa juu ya mji wa Los Santos. Akivuka kwenda San Fierro anakutana na ukungu. Jangwani dhoruba ya mchanga inaficha barabara. Kila kituo cha redio kina mtangazaji wake na matangazo ya biashara ya nchi isiyokuwepo. Kuendesha hivyo hakumalizi misheni hata moja. Anaendesha kwa sababu yupo pale.

Katika kibanda cha gemu, hata hivyo, mambo hayo hupotea kwa urahisi. Kibanda cha Kitanzania ni cha mpira: runinga mbili tatu, pedi zilizofutika alama, benchi, na sheria moja, anayefungwa anapisha. Mtangazaji wa ndani ya gemu anaongea Kiingereza na hakuna anayemsikiliza, kwa kuwa nyuma ya mchezaji wamejaa watangazaji wa Kiswahili wanaomkosoa kila pasi. Kelele zile ndizo hali ya kibanda, na ni hali nzuri, imejenga urafiki mwingi. Mabanda ya video nayo yaliishi hivyohivyo. Lufufu, aliyevuma Dar es Salaam kwa kutafsiri filamu za kigeni, aliijaza filamu sauti yake hadi ikawa filamu nyingine. Ila gemu lililojengwa juu ya ukimya haliwezi kuishi kibandani. Linataka mtu mmoja, usiku, mwenye hedifoni masikioni. Simu ndiyo iliyoleta nafasi hiyo mitaani kwetu. Kijana anayecheza kitandani baada ya wote kulala anasikia yale ambayo kaka yake, aliyecheza PlayStation 2 kwenye benchi la kibanda, hakuwahi kuyasikia.

Sasa twende Mombasa, kwa sababu gemu ninalolipenda kuliko mengine kwa jambo hili linatokea huko.

Tarehe 22 Septemba 2009 studio ya Bungie ya Marekani ilitoa Halo 3: ODST kwa ajili ya Xbox 360. Magemu ya Halo yanahusu vita kati ya binadamu na viumbe wa sayari nyingine waitwao Covenant. Katika Halo 2, mwaka 2004, viumbe hao walipoishambulia dunia, mchezaji alijikuta akipigana New Mombasa, mji wa bandari wa mwaka 2552 wenye mnara mwembamba unaopandisha mizigo hadi nje ya anga. Halo 3 ya mwaka 2007 iliendelea Kenya hiyohiyo: hatua mojawapo inaitwa Tsavo Highway, na vita vinafika Voi.

Mhusika mkuu wa Halo nyingine ni shujaa mwenye vazi la chuma ambaye hajui woga. ODST linakupa askari wa kawaida asiyesema neno, anayeitwa Rookie tu, yaani mgeni wa kikosi. Anashushwa kutoka angani ndani ya chombo cha mtu mmoja, chombo kinagonga, anapoteza fahamu. Anazinduka saa kadhaa baadaye. Ni usiku, mvua imenyesha, wenzake hawaonekani, na mji wa mamilioni hauna watu.

Kuanzia hapo gemu linafanya jambo ambalo magemu ya vita huliogopa: linamwacha mchezaji atembee. Lami imelowa na inarudisha mwanga wa taa. Doria ya adui inapita mbali. Unaweza kuivamia au kujibanza ukutani hadi ipite, na kwa kuwa Rookie hana nguvu za shujaa, kujibanza ndiyo akili. Muziki wa Martin O'Donnell na Michael Salvatori, uliozoeleka kwa kwaya na ngoma za vita, hapa umekuwa saksafoni na piano, polepole, kama vile watunzi nao wanatafuta njia gizani. Mji wenyewe unakusaidia. Kompyuta inayoendesha huduma za jiji, Superintendent, inaliza simu za barabarani na kubadilisha alama za trafiki ili ikuvute upite inakotaka. Mara unakuta kofia ya mwenzako imekwama kwenye skrini, mara bunduki iliyopinda. Kila kitu kama hicho kinakurudisha mchana wa uvamizi, unacheza yaliyompata mwenye nacho, kisha unarejeshwa kwenye usiku na lami iliyolowa. Mchana umejaa milipuko, na usiku umejaa maswali. Bila mpishano huo milipuko ingekuwa milipuko tu.

Kuna pia Sadie. Mitaani zimefichwa rekodi 30 za sauti zinazomhusu binti aitwaye Sadie Endesha, aliyekuwa akijaribu kumfikia baba yake mji ulipokuwa ukianguka. Unaweza kulimaliza gemu bila kuzigusa. Anayezitafuta anasikia watu waliokuwa wakiishi katika mitaa anayopita: mwenye tamaa, mwenye huruma, aliyekataa kuondoka. Baada ya hapo ule utupu unabadilika uzito, kwa sababu sasa unajua ni utupu wa nani. Nimecheza magemu mengi yenye picha bora kuliko hili, na hakuna lililonifanya niuhurumie mji.

Hata hivyo kuna neno la kusema. Mwenyeji wa Mombasa atayaona majina ya kwao katika hatua za gemu hili, Kizingo na Kikowani. Akishayaona majina, ataikosa Mombasa. Mitaa ni ya chuma na zege, inaweza kuwa ya bandari yoyote, na saksafoni inatupeleka kwenye filamu za upelelezi za Marekani za miaka ya 1940 badala ya taarabu au chakacha. Mtu atasema ni mwaka 2552, nani ajuaye mji utakuwaje. Lakini Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, imeshapita karne nne na bado inatazama bahari ileile. Mji wa pwani hautupi mawe yake ovyo. Bungie walijua kwa ustadi mkubwa jinsi ya kuufanya mji uhisike. Uhisike kuwa mji gani, hilo waliliazima kwingine.

Si wao peke yao walioazima kwetu. Mwaka 2005 gemu la Civilization IV lilifunguka kwa wimbo Baba Yetu, sala ya Bwana kwa Kiswahili iliyotiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin, na mwaka 2011 wimbo huo ukawa muziki wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy. Mamilioni ya watu wasiojua neno la Kiswahili wamekaa mbele ya skrini wakisikiliza sala hiyo huku dunia ikizunguka, wakahisi ukubwa wa safari wanayoianza. Kisha ukaja mwaka 2009 na Resident Evil 5 la Capcom. Linatokea mahali pa kubuni paitwapo Kijuju, panapoelezwa kuwa Afrika Magharibi, na watu wake walioambukizwa vimelea wanaitwa Majini, wanamkimbilia mchezaji na mapanga huku wakipiga kelele kwa Kiswahili. Lugha ikahamishwa kutoka pwani moja kwenda nyingine, kwa sababu kwa waliotengeneza ilitosha isikike ya Kiafrika na isieleweke. Lugha ninayomwombea nayo mgonjwa ikawekwa pale iwe sauti ya hatari. Gemu hilo lilizua mjadala mkubwa kuhusu ubaguzi, na mjadala huo ulistahili. Katika gemu moja lugha yetu ilifungua moyo, katika jingine ikatia hofu, na katika yote mawili ilifanya kazi ya hali ya mahali ndani ya gemu la wengine.

Aliyetengeneza gemu kutokana na yake mwenyewe ni Abubakar Salim. Ni mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, sauti yake ndiyo ya Bayek, mhusika mkuu wa gemu la Assassin's Creed Origins la mwaka 2017. Alifiwa na baba yake mwaka 2013, na msiba huo ndio alioutengenezea gemu kupitia studio yake ya Surgent: Tales of Kenzera: ZAU, lililotoka Aprili 2024. Zau, mganga kijana, anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba yake. Muziki ni wa Nainita Desai, na mchezaji anaweza kuchagua wahusika wazungumze Kiswahili.

Kuruka na kupigana katika ZAU ni kuzuri, lakini ninachokikumbuka zaidi ni mibuyu. Zau akifika chini ya mbuyu anaweza kuketi. Hakuna adui, hakuna saa inayohesabu. Anazungumza na Kalunga juu ya baba yake, juu ya hasira na juu ya kuchoka, na anapoinuka uhai wake umeongezeka. Fundi aliyeamua kwamba nguvu zipatikane kwa kuketi na kusema yanayouma, badala ya kuokota chupa ya dawa njiani, alikuwa amewahi kukaa matangani na akaelewa watu hukaa kule kwa nini.

Singida sasa. Msafiri wa basi la Mwanza huuona mkoa huu kupitia dirishani: alizeti, vitunguu kando ya barabara, kuku wa kienyeji, na mawe. Hauna bahari wala mlima wa kwenye kadi za posta. Kwa mtengenezaji wa gemu anayetafuta hali ya mahali, mawe hayo peke yake ni hazina. Ni miamba ya matale iliyobebana, mingine mikubwa kuliko nyumba, na katikati yake upepo unapita. Kiangazi, baina ya Juni na Oktoba, upepo wa Singida huwa mkali kiasi kwamba kwa miaka mingi imezungumzwa mipango ya kuzalisha umeme kwa mitambo ya upepo. Simama mbele ya mwamba, upepo unavuma masikioni hadi husikii unachoambiwa. Zunguka nyuma yake, unakatika kama umefungiwa mlango, na ghafla unasikia hatua zako kwenye changarawe. Gemu linaloijua tofauti hiyo halihitaji mshale wa kumwelekeza mchezaji. Anaweza kuvuka eneo zima kwa masikio, akijua yuko wazi au yuko salama.

Fumito Ueda alijenga Shadow of the Colossus, gemu la mwaka 2005, kwa imani kama hiyo. Kuna majitu 16 na hakuna adui mwingine yeyote. Kati ya jitu na jitu kuna nchi tupu, farasi na upepo, na muziki hukaa kimya hadi jitu litokee. Safari ndefu ile ndiyo inayokufanya ujiulize kwa nini unaua viumbe ambavyo havikukutafuta. Nikiitazama mbuga ya Wembere kutoka mteremko wa Sekenke, huko Iramba, naona nchi yenye uwezo wa kubeba mzigo huo. Kiangazi ni kavu hadi macho yanachoka, masika inageuka maji. Chini ya mteremko kuna historia pia: dhahabu ya Sekenke, iliyogunduliwa enzi za Wajerumani, ndiyo iliyofuliwa sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, zenye picha ya tembo, wakati vita vimewakatia njia ya kwenda pwani.

Halafu kuna maziwa mawili yanayoukumbatia mji, Singidani na Kindai. Maji yake yana chumvi, flamingo huja na kuondoka, na maji yakirudi nyuma kingo hubaki nyeupe. Mtengenezaji avue viatu atembee pale. Tope laini lina mlio wake, ganda kavu la chumvi linalopasuka lina mlio wake, mchanga na jiwe vivyo hivyo. Magemu mengi ya bei rahisi yana mlio mmoja wa hatua kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sikio hugundua udanganyifu huo dakika ya kwanza hata kama mwenye sikio hajui kilichomkera.

Mwanga nao. Singida iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua huzama kuelekea saa 1 jioni, na likishazama giza halichelewi. Ile jioni ndefu ya rangi ya dhahabu inayopendwa na magemu ya Ulaya na Marekani ni ya nchi za mbali na ikweta. Anayeinakili kwa ajili ya Singida atakuwa amepoteza kitu kikubwa, maana mchungaji wa huku anajua kwamba akikosea hesabu kidogo tu, mifugo italala porini. Usiku unaoshuka haraka ni kanuni ya mchezo iliyo tayari, haihitaji kubuniwa.

Kusini, upande wa Itigi, kuna vichaka ambavyo wataalamu wa mimea huvihesabu kuwa vya pekee, uoto uliofungamana ambao jamaa zake wako kaskazini mwa Zambia. Ni virefu kuliko mtu, vimeshikana, na ukiwa ndani huoni mbali. Kwa kijana mwenye mashine dhaifu hiyo ni zawadi. Kichaka cha Itigi kinafanya kazi ileile ya ukungu wa Silent Hill. Mashine haichori kisichoonekana, na mchezaji anajaza mwenyewe yaliyojificha.

Vifaa vya kuanzia vipo. Injini ya Godot, iliyoanzishwa na Waargentina Juan Linietsky na Ariel Manzur, hutolewa bure na msimbo wake uko wazi tangu mwaka 2014. Sauti inaweza kurekodiwa kwa simu. Upepo ukiipiga maikrofoni moja kwa moja hutoa mngurumo usiofaa, kwa hiyo funika simu kwa sponji, jikinge nyuma ya jiwe, na uielekeze kwenye kile ambacho upepo unakitikisa, kama mashina ya alizeti iliyokauka shambani, bati lililolegea, au majani ya mgunga. Rekodi kila kitu peke yake, usirekodi vyote kwa pamoja. Kisha vipange kwa urefu usiolingana. Upepo wa sekunde 47 na ndege wa sekunde 61 vikianza pamoja havitakutana tena mwanzo hadi zipite karibu dakika 48, na mchezaji hatagundua kwamba anasikia faili mbili fupi. Sauti ya mbali ipunguzwe ukali wake, maana milio myembamba ndiyo inayokufa kwanza njiani. Na uwe na ujasiri wa kuzima muziki. Watu wengi wanaoanza hujaza muziki kila mahali kwa hofu kwamba mchezaji atachoka, na matokeo yake hakuna wimbo unaomgusa.

Najua hadithi ambayo wengi wataikimbilia wakisikia gemu la kutisha la Singida: simba watu. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilihangaika na vifo vya watu wilayani Singida vilivyofanana na mashambulio ya simba, vikidaiwa kuwa kazi ya watu waliotumwa kuua kwa ngozi na makucha. Watu walishtakiwa. Mwanaanthropolojia wa Marekani Harold Schneider, aliyeishi na Wanyaturu, wenyeji wa Singida, aliirudia kesi hiyo kwa makala ya mwaka 1962. Waliokufa walikuwa na jina na ukoo, na wajukuu zao wapo. Atakayewafanya Wanyaturu kuwa kundi la maadui wa kupigwa risasi atakuwa amelirudia kosa la Kijuju, safari hii kwa mikono yetu wenyewe.

Lakini hadithi hiyo inaweza kuchezwa kwa heshima, kwa masharti. Simba asionekane hata mara moja. Mchezaji awe mtu wa pale, mathalani binti anayerudi kutoka kwa shangazi yake jioni, si askari wa kigeni mwenye bunduki. Awe na mtama uliosimama pande zote mbili za njia, na upepo unaoutikisa ili asijue ni upepo au ni kitu. Upepo ukikatika, mtama ukaendelea kutikisika upande mmoja, hakuna picha ya damu itakayofikia hapo. Na swali la kama ni mnyama au ni mtu libaki bila jibu, kama lilivyobaki kwa waliolala wamefunga milango ya tembe zao.

Njiani akutane na mzee, na mzee aongee Kinyaturu, bila tafsiri chini ya skrini. Asikike mwenyewe, amerekodiwa kwake, kwa kasi yake na kwa kukohoa kwake. Mchezaji wa Arusha au wa Toronto hataelewa neno, ila kwa namna sauti inavyopanda, kwa mkono unaoonyesha njia nyingine, na kwa neno moja linalorudiwa, ataelewa kwamba anaonywa na mtu anayemtakia mema. Akipita njia ile kwa ubishi, usiku uwe wake. Akimsikiliza mzee, afike nyumbani kwa njia ndefu, na gemu limhesabie kuwa ameshinda.